Hodi ya Mita Tisini

Mlinzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti kidevuni. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemla mashavu. Inspekta alivuta kiti cha plastiki, akaketi mbele yake, akafungua faili juu ya mapaja.

"Tuanze upya," alisema.

"Nimeshasema mara tano, Afande."

"Uliwaambia wengine. Mimi sijakusikia."

Faili lenyewe lilikuwa jembamba na lenye uhakika. Jumatano alfajiri, mtu ambaye kila mmoja alimwita Fundi Hewa alianguka kutoka kilele cha mnara wa kupimia hewa, mita tisini, akafa papo hapo. Ndani ya uzio walikuwamo wawili tu, yeye na mlinzi, ambaye ni kaka wa mke wake. Jioni iliyotangulia majirani waliwasikia mashemeji hao wakigombana, na mlinzi akisema, "Wewe ndiye utakayeanza kutoka humu." Mkanda wa usalama wa marehemu ulikutwa kulabu yake iko wazi. Haikuvunjika, ilifunguliwa kwa mkono. Miguu yake ilikuwa mitupu, na viatu havikuonekana popote. Jumatatu saa tatu mlinzi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Mnapima nini pale?" Inspekta aliuliza.

"Mivuke, Afande. Ya petroli, ya rangi, ya gundi. Vitu visivyoonekana." Mlinzi alinyoosha kidole, akachora mstari hewani. "Kuna kamba ndefu yenye vikapu vitatu vya chuma. Tunaipandisha kama bendera. Kikapu kimoja kinasimama mita kumi, cha pili arobaini, cha tatu tisini. Kila kikapu kina pampu ndogo na vibomba viwili, hivi, kama kidole. Ndani vina unga mweusi. Pampu inavuta hewa, unga unanasa uchafu. Saa kumi na mbili mpaka saa moja. Basi."

"Na Jumatano?"

"Jumatano taa ya pampu ya juu haikuwaka. Shemeji akapanda kuiwasha, maana kamba ikishapanda haishushwi mpaka saa moja. Mimi nikabaki chini na redio ya mkononi."

"Akafika juu."

"Akafika, akasema imewaka. Nikamwambia shuka basi. Akasema ngoja kwanza, huku kuna harufu tamu. Nikamwuliza ya nini. Akacheka." Mlinzi alijikuna shingo. "Shemeji hacheki kazini, Afande. Hata nyumbani hacheki sana."

"Halafu?"

"Halafu akapiga hodi."

Inspekta alisimamisha kalamu.

"Alipiga hodi wapi?"

"Huko huko juu. Nimesikia kwenye redio. 'Hodi. Hodi humu ndani.' Akanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Akasema, 'Ahsante, ahsante, ngojeni nivue viatu.' Baada ya hapo nikasikia kishindo, na hakikutoka kwenye redio."

Askari wa zamu mlangoni alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Inspekta aliandika yote, neno kwa neno, kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Juu palikuwa na mtu mwingine?"

"Pale juu ni padogo kama meza ya kulia. Na ngazi ni moja. Nilikuwa nimeiegemea."

"Wewe chini ulinusa nini?"

"Umande."

"Ripoti ya maabara inasema kinyume chako. Hewa ya mita tisini ilikuwa safi. Iliyochafuka ni ya mita kumi, karibu na uliposimama wewe."

"Basi mmoja wetu mwongo, mimi au maabara."

"Ndivyo mwendesha mashtaka atakavyosema, na hataichagua maabara." Inspekta alifunua tena. "Baada ya kuanguka ulifanya nini?"

"Nilimfunika koti langu. Nikapiga simu polisi. Ilipofika saa moja nikashusha kamba."

"Mtu wako amelala chini amekufa, wewe unashusha kamba?"

Mlinzi aliitazama mikono yake. "Alikuwa ananifokea kila siku. Kamba isichelewe hata dakika, hewa itaharibika. Nilikaa pale sijui niifanyie nini hii mikono. Nikaona niishushe. Kikapu kilichotangulia kufika, vibomba vyake nilitangulia kuviweka kwenye sanduku. Dereva wa maabara akalichukua getini bila kushuka garini, kama kila Jumatano; sikuweza kumwambia. Wenzako walipofika walisema nina roho ngumu."

Inspekta aliandika na hilo, kwa kuwa kawaida yake ilikuwa kuandika yote, akafunga faili.

*

Uwanja wa kituo cha kupimia hewa ulikuwa wa majani mafupi, uzio wa waya pande zote, kibanda kimoja, na katikati mnara wa vyuma vyembamba ulioshikwa na nyaya nane. Chini ya mnara, pale Fundi Hewa alipoangukia, majani yalikuwa bado yamelala. Nje ya uzio, mwendo wa dakika tano hivi kwa miguu, lilisimama bomba la moshi la kiwanda cha gundi. Inspekta alilitazama, akautazama mnara, akalitazama tena. Mdomo wa bomba na kilele cha mnara vilikuwa karibu usawa mmoja.

Askari wa kituo cha polisi cha jirani walikuwa wamepima kila walichofikia kwa miguu. Juu hawakupanda. Inspekta alimgeukia Koplo, msaidizi wake, aliyekuwa akikaza mkanda wa usalama kwa mara ya tatu.

"Mama yangu alitaka niwe mwalimu," Koplo alisema. "Chaki, ubao, kengele, nyumbani."

"Bado hujachelewa. Panda kwanza."

Ilikuwa saa nne, jua limeshapata nguvu. Koplo alipanda akilalamika kwenye redio mpaka mita arobaini. Baada ya hapo akawa anahema tu. Nyaya zilitoa mlio mwembamba, wa kuendelea, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo. Inspekta alimwona akifika, akijifunga kwenye chuma, kisha akiinama. Kisha hakumwona.

"Koplo."

Redio ilikwaruza tu.

"Koplo, jibu."

"Nipo, Afande." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kuna viatu."

"Vikoje?"

"Vimepangwa. Cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, vimegusana. Soksi zimekunjwa, kila moja ndani ya kiatu chake. Kama viatu vya mlangoni, Afande. Kama kuna watu ndani."

"Usiviguse. Piga picha. Mnyororo unaoshikwa na kulabu ya mkanda je?"

"Umefunguliwa, ukalazwa pembeni. Haukutupwa. Sakafu ina masizi. Kuna alama za miguu."

"Za watu wangapi?"

"Mmoja. Miguu mitupu. Zinaanzia kwenye viatu, zinakwenda upande wa kapi la kupitishia kamba, ule usio na ukingo. Hatua mbili. Nzuri tu, za mtu anayetembea taratibu. Ya tatu haipo."

"Unanusa kitu?"

"Upepo. Na jasho langu."

Koplo aliposhuka aliketi kwenye majani, akanywa maji chupa nzima bila kupumzika.

"Alijirusha," alisema alipomaliza.

"Mtu anayejirusha hapigi hodi."

"Basi huyu mlinzi hakusema uongo. Tumwachie."

"Fikiria kama mwendesha mashtaka. Viatu viko juu, na mlinzi ndiye wa kwanza kututajia viatu. Atasema alipanda Jumatano, akavipanga mwenyewe, akashuka na hadithi."

"Na alama za miguu?"

"Siku tatu za upepo. Atasema tuliona tulichotaka kuona." Inspekta alilitazama tena bomba la kiwanda. Lilikuwa halitoi kitu. "Mlinzi anasema juu palinuka. Maabara inasema juu palikuwa safi. Hapo ndipo kesi ilipo. Mengine yote ni viatu."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya tatu katika safu ya nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kituo. Mjane aliwapokea jikoni, kwa kuwa sebule ilijaa ndugu waliokuja kumpa pole. Alikuwa mwanamke mrefu, macho makavu. Inspekta aliona kitu kimoja mara tu alipoingia: nyumba haikunukia chochote. Hapakuwa na harufu ya sabuni, mafuta wala udi.

"Kaka yangu anakula huko?" mjane aliuliza kabla hawajaketi.

"Anakula, dada. Kidogo."

"Mmoja mochwari, mmoja mahabusu. Watu wakinipa pole sijui nipokee ya nani."

"Waligombania nini Jumanne?"

Mjane alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mafuta ya nywele. Vipimo vikikaribia, humu ndani hapaki mtu losheni, hapaki pafyumu, nguo zinafuliwa kwa maji matupu. Alisema kila kinachonukia kinaingia kwenye vibomba vyake. Kaka yangu kanunua mafuta ya nywele ya waridi, kayapaka. Mume wangu akamwambia yatoke hayo mafuta au utoke wewe. Kaka yangu akamjibu wewe ndiye utakayeanza kutoka humu, maana unalala mnarani kuliko kitandani. Mimi nilikuwa hapa hapa nachambua mchele. Nilicheka."

Koplo aliacha kuandika. "Hilo uliwaambia askari?"

"Waliniuliza kama alisema maneno yale. Nikasema ndiyo. Waliniambia jibu linatosha."

"Jumatano aliondoka amekula?" Inspekta aliuliza.

"Hakula. Huwa hanywi hata chai mpaka kamba ishuke. Na ule ugonjwa wake wa sukari. Nilisema mpaka nikachoka, mtu wa sukari hakai na tumbo tupu. Aliniambia hewa haingoji chai."

Juu ya kabati kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijivu, dogo kama la vyombo vya kinyozi. Mjane aliliona jicho la Inspekta, akalishusha. Ndani mlikuwa na sifongo yenye matundu, safu mbili.

"Hili la akiba. Lenzake liko maabara. Alikuwa akinionyesha hapa mezani jinsi linavyopangwa. Vya juu vinakaa hapa, kwenye bawaba. Halafu vya katikati. Vya chini vinakaa mwisho, kwenye kufuli. Sikuzote anaanza na vya juu."

"Sikuzote?"

"Ningegusa mpangilio ule angenirudisha kwetu."

"Nani mwingine aliujua?"

"Yule mama wa maabara. Walikuwa wakipigiana simu kwa ajili ya sanduku hili miaka yote."

"Na kaka yako?"

"Kaka yangu kazi yake ilikuwa kuvuta kamba. Sanduku hakuruhusiwa hata kulisogeza."

Inspekta alifungua daftari lake nyuma, kwenye maelezo ya asubuhi, akayasoma kimya. Kisha akasimama.

"Koplo, mpigie simu mkemia wa maabara. Mwambie asiende nyumbani."

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la serikali lililofungwa kwa mwisho wa wiki. Mkemia aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa mama mnene, miwani imefungwa kamba shingoni, miaka miwili mitatu kabla ya kustaafu. Mashine ya kuchambulia hewa ilikuwa imechukua meza nzima na ilivuma polepole.

"Nilishatoa ripoti, Inspekta."

"Nimeisoma, mama. Nina swali dogo. Lebo za vibomba, nani aliziandika?"

"Fundi huandika mwenyewe akishashusha kamba. Safari hii sanduku lilikuja halina lebo hata moja. Nikaziandika mimi, kwa mpangilio wake. Kwenye bawaba tisini, katikati arobaini, kwenye kufuli kumi. Miaka kumi na nane hajakosea hata siku moja."

"Na Jumatano nani alivipanga?"

"Fundi."

"Fundi alianguka kabla ya saa moja. Kamba ilishuka saa moja."

Mkemia alivua miwani. Ikaning'inia kifuani.

"Sanduku lilifika saa mbili," mkemia alisema. "Nikaandika lebo. Saa nne ndipo nikapigiwa simu kwamba amekufa. Nilivichambua huku nalia. Sikurudi nyuma kuhesabu saa. Kwangu mimi sanduku limepangwa, na anayelipanga ni Fundi."

"Lilipangwa na mlinzi. Hajui bawaba wala kufuli. Kilichofika kwanza alikiweka kwanza. Kamba ikishuka, kikapu kipi kinatangulia?"

"Cha chini."

"Kwa hiyo cha chini kikakaa kwenye bawaba."

"Nami nikakiandika tisini." Mkemia aliketi. "Kama ni kweli. Huyo mlinzi anaweza kusema lolote sasa. Vibomba vinafanana. Havina sura, Inspekta."

"Nionyeshe karatasi za mashine."

Mkemia alizitandaza mezani. Kila karatasi ilikuwa na mstari mmoja uliotambaa chini na kupanda vilima hapa na pale. Karatasi iliyoandikwa tisini ilikuwa karibu tambarare. Iliyoandikwa kumi ilikuwa na mlima mmoja mkubwa, na kabla yake kilima chembamba, cha peke yake.

"Huu mkubwa ni nini?"

"Thina. Ile wanayoyeyushia gundi. Ina harufu tamu, na ukiivuta nyingi unalewa, unaona yasiyokuwepo."

"Na hiki chembamba?"

Mkemia alikitazama. Inspekta aliona kidole chake kikienda kwenye karatasi na kubaki pale.

"Asetoni," alisema polepole. "Ile ya kufutia rangi ya kucha."

"Inatoka kiwandani?"

"Hapana. Hii inatoka kinywani." Aliinua uso. "Mtu mwenye sukari, akikaa na njaa, pumzi yake inatoa asetoni. Miaka sita iliyopita nilianza kuiona kwenye vibomba vya Fundi, kila anapopanda kurekebisha pampu. Nikampigia simu, nikamwuliza kama amepaka rangi ya kucha. Akanijibu yeye ni mtu mzima. Nikamwambia basi nenda hospitali ukapime sukari. Wakaikuta. Tangu hapo nikawa namgombeza: Fundi, pumulia upande wa pili, unajipima mwenyewe. Hatukuonana mara nyingi, Inspekta. Labda mara saba. Lakini nilikuwa najua lini hakula."

Mashine iliendelea kuvuma. Koplo alikuwa ameisogelea karatasi, kisha akarudi nyuma hatua moja, kana kwamba ingemhemea usoni.

"Jumatano," Inspekta alisema, "nani alisimama karibu na kikapu cha mita kumi?"

"Hakuna. Pale ni kamba tu. Mlinzi alikuwa ardhini, na mlinzi hana sukari."

"Fundi alisimama wapi?"

"Tisini. Akiinamia pampu." Mkemia aliweka karatasi mbili sambamba, akabadilisha nafasi zake. "Kwa hiyo hiki ndicho cha juu. Na thina ilikuwa juu."

"Inawezekanaje juu pachafuke na chini mtu asinuse?"

"Alfajiri inawezekana sana. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito, inatulia. Juu yake inalala hewa yenye joto, kama kifuniko cha sufuria. Kiwanda kikitoa mvuke saa hiyo, haupandi wala haushuki. Unatandaa kama shuka, usawa ule ule wa bomba. Chini unanusa umande. Juu umeingiza kichwa kwenye kopo la gundi. Saa nne jua likishachemsha ardhi, kila kitu kimechanganyika, huoni tena alama. Mtu mwenye afya, aliyekula, kichwa kingemuuma. Yule alipanda mita tisini na tumbo tupu."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Piga mochwari. Damu ya marehemu itolewe na itunzwe, mwili usiguswe mpaka nitakapoandika." Koplo alitoka barazani na simu. Inspekta akarudi kwa mkemia. "Karatasi hii inatosha?"

"Kwangu inatosha. Mahakamani hapana. Watasema nilikuwa nakililia kibomba, na pumzi ni yangu."

"Kila kikapu kina vibomba viwili."

Mkemia alianza kuzikusanya karatasi za mashine.

"Cha pili kiko wapi, mama?"

"Kwenye friji."

"Kimefunguliwa?"

"Hakijafunguliwa. Kina vizibo vyote viwili. Na kuna kibomba kingine tunachokiita bubu, kinachosafiri na wenzake bila kufunguliwa kabisa, nilikipima, ni kisafi. Kwa hiyo sanduku halikuchafuka njiani."

"Basi tupime cha pili."

"Unajua kinapimwaje?" Mkemia alizungumza kwa upole, kama anayemweleza mwanafunzi. "Kinachomwa. Mashine inakipasha moto mpaka kila kilichonaswa kinatoka, kinapita, kinaandikwa, kinakwisha. Hakuna mara ya pili. Kile cha kwanza kimekwisha. Hiki ndicho kilichobaki. Kimebeba dakika zile, Inspekta. Za mwisho. Nimekuwa nakuja hapa Alhamisi na Ijumaa, nafungua friji, nakitazama, nafunga."

"Jumatatu saa tatu kuna mtu atasimama kizimbani kwa lebo uliyoiandika wewe."

"Najua."

"Shemeji wa Fundi."

"Najua, mwanangu. Nipe nafasi nisimame."

Alisimama. Alivaa glovu, akafungua friji, akatoa kibomba kimoja kilichofungwa karatasi ya alumini. Aliifungua karatasi taratibu, akamwonyesha Inspekta vizibo, akamwambia aandike namba iliyochongwa kwenye chuma, na Inspekta akaandika. Koplo alirudi, akaelewa, akasimama mlangoni. Mkemia alivua vizibo, akakitia kibomba kwenye mdomo wa mashine, akabonyeza.

Dakika tatu za mwanzo mstari ulitambaa chini. Chumba kilikuwa na joto lakini Koplo alifunga kifungo cha juu cha shati. Dakika ya nne mstari ulitikisika, ukapanda, ukachora kilima chembamba, cha peke yake, ukashuka. Walingoja. Dakika ya kumi na moja ulipanda tena, sasa bila kusita, mpaka ukakaribia ukingo wa karatasi, ukakaa huko juu kwa muda mrefu kuliko Inspekta alivyotarajia. Halafu ukaanza kurudi chini, polepole, mpaka ukalala.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha. Ni chuma kitupu sasa."

Mkemia alichukua ripoti ya Alhamisi. Alikata 10 kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika 90 juu yake. Alikata 90, akaandika 10. Pembeni akaweka sahihi, tarehe na saa, kisha akaongeza sentensi moja: kosa ni la mwandishi wa lebo, si la aliyepanga sanduku.

"Si lazima liandikwe hivyo," Inspekta alisema. "Liliwahusu wawili."

"Lisipoandikwa hivyo watalirudisha kwa yule mlinzi. Mimi nitaongea na wakubwa wangu. Nimebakiza miaka miwili, wataniambia nini?"

Inspekta alipiga simu kituoni. Askari wa zamu aliitikia akiwa anatafuna.

"Mtoe mlinzi kwa dhamana ya polisi. Faili lake halitapelekwa Jumatatu. Nakuja nalo mwenyewe, pamoja na sahihi. Na andika kwenye kitabu: ngazi ya mnara ifungwe minyororo, asipande mtu alfajiri mpaka nitakapozungumza na kiwanda cha gundi."

"Sawa, Afande. Nimtoe sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nangoja kwenye simu."

Funguo zilisikika, mlango wa chuma, sauti za watu wakizungumza mbali na simu. Mkemia alikuwa amezima mashine. Bila mvumo wake chumba kilionekana kikubwa zaidi.

"Afande." Askari wa zamu alikuwa amerudi. "Ametoka. Yuko hapa kaunta, nimempa mkanda wake na simu yake. Hataki kwenda."

"Kwa nini?"

"Anauliza maziko ni lini."

"Kesho saa nne. Mwili nitauruhusu leo, damu ikishatolewa."

Askari alilipeleka jibu. Safari hii alikawia zaidi, na aliporudi alikuwa ameacha kutafuna.

"Anasema dada yake hakuja kumwona hata siku moja. Anauliza akifika pale nyumbani, na watu wote wale, atasimama wapi."

Inspekta alimtazama mkemia, ambaye alikuwa amesikia.

"Mwambie dada yake yuko jikoni," Inspekta alisema. "Swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa kama anakula. Mwambie apitie mlango wa nyuma. Anangojewa."